Wadominika: watu wanaoomba baraka kabla ya kuketi, na ukoko wanaugombania kama sisi

#1 Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, wakuu. Huu uzi nimekuwa nikiuandika na kuuacha tangu nirudi kutoka Santo Domingo, na leo nimeamua kuumaliza. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai amimine kwanza.

Niondoe utata mapema. Sizungumzii Dominika, kile kisiwa kidogo chenye mji mkuu Roseau ambako wanaongea Kiingereza. Wala sizungumzii watawa Wadominika, ambao Wakatoliki humu mnawajua. Nazungumzia Jamhuri ya Dominika, nchi iliyoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola. Upande wa magharibi ni Haiti. Wanaongea Kihispania. Santo Domingo, mji wao mkuu, ndio mji mkongwe kuliko yote iliyoanzishwa na Wazungu kule Amerika ambao bado una watu mpaka leo.

Mimi niliwafahamu kwa ujirani. Niliishi Bronx, New York, miaka sita, mlango wangu ukitazamana na wa mama mmoja Mdominika. Siku moja nipo kwake, simu ikaita. Alikuwa mwanawe, mtu mzima, dereva wa lori, mwenye watoto wake. Kabla hajasema lolote nikasikia: "'Ción, mami." Mama akajibu, "Dios te bendiga," ndipo mazungumzo yakaanza. Nikauliza maana yake. Akaniambia neno kamili ni *bendición*, yaani baraka. Mdogo anaomba baraka, mkubwa anajibu "Mungu akubariki". Unaiomba ukiamka, ukiingia ndani, ukitoka, ukipiga simu, ukienda kulala. Kwa mama, baba, bibi, babu, shangazi, mjomba, mama wa ubatizo. Ukipita bila kuiomba unakemewa.

Wakuu, nilikaa kimya pale sebuleni. Miaka mingapi nilikuwa sijamwamkia mtu? Kuanzia siku ile nikawa namwomba baraka na mimi, na yeye akawa ananijibu kama mwanawe. Mwaka uliofuata alipokwenda kwao likizo ndefu, alinichukua. Tulikaa wiki tano, Santo Domingo na kwa dada zake huko Cibao, bonde la kaskazini lenye mashamba ya tumbaku na ndizi. Mengi ya humu niliyaona huko.

Tuanze na chakula, maana ndiko nilikojisikia nyumbani haraka. Chakula kikuu ni cha mchana. Wali mweupe, maharage mekundu ya rojo, nyama au kuku wa kuchemshwa na viungo, na saladi pembeni. Wanakiita *la bandera*, bendera, na siku za kawaida karibu kila nyumba niliyoingia ilikuwa inapika hicho hicho. Wali unapikwa kwa mafuta kwenye sufuria nzito ya alumini, moto unapunguzwa, unafunikwa. Chini kinabaki *concón*. Ni ukoko, jamani. Ukoko ule ule wa kukwangua kwa mwiko. Na wanaugombania! Pale Cibao shangazi mmoja alikuwa anaugawa kwa zamu, jana fulani, leo fulani, anaumwagia rojo ya maharage juu. Mgeni hupewa kwa heshima. Nilipopewa mara ya kwanza, watoto wawili walinikazia macho mpaka nikawamegea.

Asubuhi ni *mangú*: ndizi mbichi zinachemshwa, zinapondwa na siagi au mafuta pamoja na maji kidogo ya zile zile zilizochemkia, juu vitunguu vyekundu vilivyopitishwa kwenye siki. Pembeni salami ya kukaanga, jibini ya kukaanga na mayai. Hivyo vitatu wanaviita *los tres golpes*, mapigo matatu. Ukishakula hicho saa moja asubuhi, njaa utaisikia saa nane.

Kahawa sasa. Haiwezekani kuingia nyumba ya Mdominika ukatoka bila kahawa. Ni kikombe kidogo, nyeusi, sukari nyingi, inatolewa kabla hujaulizwa shida yako. Watu wa pwani mtanielewa.

Halafu kuna *colmado*. Hili ni duka la kona, duka la mangi kabisa, ila limeongezewa uhai. Mafuta ya kula wanakupimia, kitunguu kimoja wanakuuzia, nusu kichwa cha saumu wanakukatia, sigara moja moja. Ukipiga simu, kijana anakuletea kwa pikipiki hata kama ni chupa moja ya maji. Kuna *fiao*, yaani mkopo wa daftari, na kuna kibao ukutani kinachosema leo hatukopeshi, kesho ndiyo. Na kibao hakimzuii mtu, maana mwenye duka anamjua kila mmoja, anajua mshahara wa nani umechelewa na nani ana mgonjwa. Jioni muziki unafunguliwa, viti vya plastiki vinatolewa, bia ya baridi kali inagawanywa kwenye vikombe vidogo, na meza ya dhumna inawekwa barabarani.

Dhumna yao ni watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na kete zinapigwa mezani kwa kishindo mpaka unadhani ni ugomvi. Mzee mmoja alinifundisha kuhesabu kete za wenzangu kwa yale wanayokataa kucheza. Kufunga mchezo kwa kete inayokubali ncha zote mbili wanaita *capicúa*, na huyo aliyefunga husimama kabisa.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Mdau wa Tanga

Mkuu umeniliza na hiyo ya shikamoo. Nina swali. Huko mjini, vijana wa kisasa bado wanaomba hiyo baraka, au ni mambo ya vijijini? Maana huku kwetu vijana wa mjini wanaanza kuona haya. Halafu usafiri wao ukoje?

#3 Mwanzisha uzi

Mdau wa Tanga, wanaomba. Nimemsikia kijana mwenye hereni na mkufu mnene, anaendesha pikipiki kwa fujo zote, anasimama mbele ya kibaraza cha bibi yake bila kuzima injini, "'Ción, abuela," anajibiwa, anaondoka. Inatamkwa haraka, imebaki silabi moja, lakini haijaachwa. Kama "shkamoo" yetu ya mbiombio.

Usafiri, ungeshuka huko leo ungepanda bila kufundishwa. Bodaboda wanaita *motoconcho*. Kuna magari madogo ya *concho* yenye njia maalumu: wanne nyuma, wawili mbele pamoja na dereva, na ukiwa mwembamba jiandae kukaa katikati. Mabasi madogo ni *guagua*, yana konda anayening'inia mlangoni na kuita vituo. Nauli inapitishwa mkono kwa mkono kutoka nyuma mpaka mbele, chenji inarudi vile vile, na sijaona hata siku moja ikipotelea njiani.

Nisisahau umeme. Unakatika. Ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele kwa pamoja, "¡Llegó la luz!" Umeme umekuja! Watoto, wazee, wote. Nilikulia Temeke. Mnajua nilichokumbuka.

Na jingine, *san*. Huo ni upatu. Watu kumi, kila wiki au kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, anachukua mmoja kwa zamu. Anayeshika orodha ni mtu wa kuaminika, mara nyingi mwanamke. Jirani yangu alikuwa anaendesha san ya wanawake wa jengo zima pale Bronx, na tiketi za ndege za safari yetu zilitoka humo. Kule mashambani nako kuna *convite*: majirani wanakusanyika kulima au kuvuna shamba la mmoja, wakiimba, mwenye shamba analisha. Kesho wanahamia kwa mwingine. Wazee wetu waliita msaragambo.

Neno moja la tahadhari kwa atakayekwenda. Mdominika akikwambia *ahorita*, usimsubiri mlangoni. Nchi nyingine za Kihispania lina maana ya sasa hivi; kwao lina maana ya baadaye. Nilimsubiri fundi bomba tangu saa tatu mpaka jua linazama, na alikuwa hajanidanganya.

#4 Mdau wa Mombasa

Ahsante ndugu kwa darasa. Lakini wacha niulize linalonikera. Nasikia hao Wadominika wengi wao ni weusi kama sisi, lakini ukiwaambia wana asili ya Afrika wakataa. Na Wahaiti wawatendea vibaya. Hilo mbona umeliruka?

#5 Mwanzisha uzi

Siruki, ndugu yangu. Nilikuwa nalitafutia nafasi yake, na wewe umenipa.

Kwanza historia, maana bila hiyo mtu hawezi kuwaelewa. Waafrika waliletwa kisiwa kile kama watumwa mapema sana, wakawekwa kwenye viwanda vya kwanza vya sukari vya Wahispania. Mwaka 1521 watumwa wa shamba la Diego Colón, mtoto wa Columbus, waliasi, na ni moja ya maasi ya kwanza kabisa ya Waafrika kuandikwa katika Amerika. Baadaye, mwaka 1822, Haiti ilichukua kisiwa chote na kufuta utumwa upande wa mashariki. Tarehe 27 Februari 1844, Wadominika wakajitangazia uhuru, chini ya harakati iliyoasisiwa na Juan Pablo Duarte. Kwa hiyo siku yao ya uhuru wanayosherehekea ni ya kujitenga na Haiti, wala si na Hispania. Mtoto wa shule anakua akiambiwa aliyetutawala ni jirani mweusi. Hapo ndipo jambo linapojikunja.

Kisha akaja dikteta Rafael Trujillo, 1930 mpaka alipouawa Mei 1961. Yeye alilifanya hilo kuwa sera. Oktoba 1937 aliamuru kuuawa kwa Wahaiti waliokuwa wakiishi maeneo ya mpakani, wakafa maelfu. Inasimuliwa kwamba askari waliwaonyesha majani ya parsley na kuwataka walitaje jina lake kwa Kihispania, *perejil*, na aliyeshindwa kulitamka kama Mdominika aliuawa. Kwa miaka mingi vitambulisho vya taifa viliandika rangi ya mtu mweusi wa wastani kuwa *indio*, Mhindi Mwekundu, ili neno la Afrika lisitajwe. Na mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu iliyowavua uraia watu waliozaliwa palepale na wazazi wahamiaji wasio na vibali, ikirudi nyuma mpaka 1929. Wengi walioguswa walikuwa wa asili ya Haiti, wengine hawajawahi hata kuivuka mipaka. Hilo ni dhuluma, na nimewasikia Wadominika wenyewe wakilisema hivyo kwa sauti.

Nyumbani nililiona kwenye nywele. Jumamosi saluni zimejaa, rola vichwani, vikaushio vinaunguruma. Nywele za kipilipili wanaziita *pelo malo*, nywele mbaya. Binti wa mwenyeji wangu, miaka kumi na tisa, alikuwa ameziacha za asili, na shangazi zake hawakumpa raha. Akawajibu siku moja mezani: "Hizi ndizo alizonipa Mungu, na nyie mnaniombea baraka kwake kila siku." Mezani pakawa kimya. Nilimpenda sana yule binti.

Lakini Mombasa, sikiliza na hili. Wanaweza wasilitaje jina, ila mikono yao inalijua.

Kaskazini mwa Santo Domingo kuna mahali panaitwa Villa Mella. Kuna chama cha kidini cha Roho Mtakatifu, *Cofradía del Espíritu Santo*, kinachojulikana kama Congos wa Villa Mella. Kilianzishwa karne ya 16 na watumwa wa Kiafrika na machotara, na mwaka 2001 UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa binadamu. Ngoma zao zinaitwa *congos*: kubwa moja, ndogo moja, zinapigwa kwa mikono. Kuna kibao kidogo chenye umbo la mtumbwi kinachogongwa, *canoíta*, na kayamba za vibuyu. Zinapigwa Pentekoste, na zinapigwa msibani.

Kaka wa jirani yangu alinipeleka siku ya tisa ya msiba wa mzee wa mtaa ule. Kwao, kama kwa Wadominika wengi, mtu akifa kuna sala siku tisa mfululizo. Majirani wanakuja na viti vyao, kuna kahawa, chai ya tangawizi, biskuti, na mama mmoja anayeongoza sala kwa kasi ya ajabu. Siku ya tisa ndiyo ya kumaliza. Mimi nikawa naona matanga ya kwetu mbele ya macho yangu, mpaka ile sauti ya chini ya wanawake waliokaa pamoja chumbani.

Ngoma zilipoanza, wakuu, sitawadanganya, miguu yangu iliitikia kabla yangu. Mzee akaimba, watu wakapokea, akaimba, wakapokea. Katikati ya Kihispania nikasikia neno "Kalunga". Nikamuuliza yule mzee baadaye maana yake. Akasema ni neno la wazee, linahusu kifo na Roho, wamelirithi. Kwa watu wa kabila la Wakongo, kalunga ni ule mpaka wa maji kati ya walio hai na waliokufa. Limevuka bahari ndani ya meli za watumwa, likakaa pale miaka yote hiyo, ndani ya ibada ya Kikatoliki, bila mtu kulifuta.

Na hawajamaliza na marehemu siku ya tisa. Baada ya miaka mitatu wanafanya *banco*. Linatengenezwa jeneza la kuashiria, na mwanasesere anayemwakilisha marehemu. Watu wanasali, kisha wote wanacheza congos, na marehemu anawaaga, anahesabiwa miongoni mwa wahenga. Yule kaka aliniambia alimlilia baba yake siku ya mazishi lakini alimuaga kwenye banco.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wanakataa Afrika, nitakwambia wapo wanaoikataa kwa mdomo. Villa Mella hawakuikataa.

#6 Mdau wa Boston

Mwanzisha uzi, ubarikiwe. Mimi nafanya kazi na Wadominika hapa Massachusetts, wengi sana wako Lawrence. Naongeza mawili.

Besiboli. Huwezi kuongelea Wadominika bila hiyo. Ligi yao ya nyumbani inaanza Oktoba na kwenda mpaka Januari, timu sita. Licey wanavaa buluu, wako Santo Domingo tangu 1907. Águilas wa Santiago ni njano. Hao wawili wakikutana ni Simba na Yanga, nyumba zinagawanyika. Watoto wanacheza *vitilla*: badala ya mpira wanarusha kifuniko cha dumu la maji, gongo ni mpini wa ufagio. Kile kifuniko kinapinda hewani vibaya, kwa hiyo mtoto akizoea kukipiga, mpira wa kawaida anauona mkubwa kama papai. Wenyewe wanaamini ndiyo siri yao. Juan Marichal, David Ortiz, Pedro Martínez, wote wametoka huko.

La pili ni bachata. Leo inachezwa dunia nzima, lakini ilianza kama muziki wa watu waliodharauliwa, gitaa na machozi, nyimbo za wanaume walioachwa. Redio nyingi za heshima zilikuwa haziipigi, ikahesabiwa kuwa ya baa na madanguro. Mwenzangu kazini anasema mama yake alimchapa kwa kuiimba. Rekodi za kwanza ni za miaka ya mwanzo ya 1960, baada tu ya Trujillo kufa, maana yeye alikuwa anasukuma merengue, muziki wao mwingine wa dansi. Merengue iliingia orodha ya UNESCO 2016, bachata 2019. Yule mama siku hizi anaicheza jikoni.

#7 Mdau wa Tanga

Nimerudi kwa ajili ya tumbo. Sikukuu zao wanapika nini?

#8 Mwanzisha uzi

Mdau wa Boston umenisaidia sana, hapo kwenye kifuniko nimejifunza.

Tanga, Krismasi tarehe 24 usiku ni nguruwe mzima wa kuchoma kwenye mti, na wali wa *guandules*. Guandules ni mbaazi, mkuu. Mbaazi zilivuka kwenda huko kutoka Afrika enzi za biashara ya watumwa. Samaná, kaskazini-mashariki, wanazipika na nazi, na samaki wa nazi pia wanao, wa kwako kabisa wa Tanga. Tarehe 6 Januari ni sikukuu ya Wafalme watatu, wale Mamajusi. Watoto wanaweka majani chini ya kitanda usiku, chakula cha ngamia, na asubuhi wanakuta zawadi. Februari ni kanivali, kila Jumapili, na La Vega ndiyo kubwa: mashetani wenye vinyago vya pembe na vibofu vya ng'ombe vilivyokaushwa, wanakuchapa navyo makalioni. Nilichapwa. Inauma kweli.

Lakini chakula nilichokipenda kuliko vyote ni cha Kwaresima, *habichuelas con dulce*, maharage matamu. Usicheke mpaka uonje. Tuna futari ya viazi vitamu kwa nazi na sukari, tuna ndizi mbivu za nazi. Haya ni ndugu yao. Jirani yangu alinifundisha hivi:

Loweka maharage mekundu usiku kucha. Chemsha mpaka yalainike kabisa, saga, chuja ubaki na uji laini. Rudisha jikoni na tui zito la nazi na maziwa mazito ya kopo. Tia mdalasini wa vijiti, karafuu chache, sukari kwa kipimo chako, chumvi kidogo tu, kijiko cha siagi. Tia vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, na zabibu kavu. Moto mdogo, koroga bila kuondoka, maana yanashika chini upesi. Yakiwa mazito kama uji wa kunywa, epua. Wakati wa kula juu yake wanaweka vibiskuti vidogo vya maziwa.

Na hayapikwi kwa kipimo cha familia. Alipika sufuria kubwa, karibu kama ya kuoshea nguo. Tulijaza bakuli na makopo ya mtindi yaliyooshwa, akanituma nipande ngazi ghorofa kwa ghorofa, kila mlango wa Mdominika na milango miwili ambayo si ya Wadominika. Nikiwa bado napeleka, nikakutana na watoto wa majirani wanashuka na mabakuli yao wanaleta kwetu. Jioni friji yetu ilikuwa na maharage ya nyumba saba, na mama anaonja moja moja anasema ya nani yamezidi karafuu.

#9 Mdau wa Mombasa

Ndugu, karafuu ngapi hasa? Nataka kuyajaribu Jumapili.

#10 Mwanzisha uzi

Tano kwa kilo ya maharage. Na zitoe kabla ya kupakua.